Kukata Mawe ya Zamani Nyumbani: Dalili za Zana Isiyofaa, Sababu Zake na Utatuzi

Mawe yaliyotolewa kwenye ukuta, sakafu au ngazi za jengo lililobomolewa huja na mambo ambayo jiwe jipya la machimboni halina: mabaki ya chokaa na saruji, misumari iliyokatikia ndani, nyufa zilizoletwa na nyundo za wabomoaji, na mara nyingi aina mbili au tatu za mawe ndani ya rundo moja. Ndiyo maana zana iliyokata kipande cha kwanza kwa urahisi huweza kugoma kabisa kwenye kipande cha pili, na mwenye karakana akaamini kwamba ameuziwa zana mbovu. Kwa sehemu kubwa zana hiyo ni nzima, ila ilitengenezwa kwa ajili ya jiwe lingine. Kwa hiyo kila dalili inayoelezwa hapa chini inachunguzwa kwa kuanzia kwenye jiwe, kisha diski au tindo, na mashine inafuata baadaye.

Jiwe lenyewe kwanza

Anza kwa kusafisha sehemu ndogo na kumegua kipande kidogo kwenye kona isiyoonekana, ili upate uso mpya usio na chokaa wala ukungu. Jaribio lolote linalofanywa juu ya uso wa zamani linaweza kukudanganya, kwa kuwa tone la siki litatoa mapovu kwenye mabaki ya chokaa hata kama jiwe lililo chini yake ni itale. Kwenye uso huo mpya, kwaruza kwa ncha ya kisu cha chuma. Kisu kikiingia na kutoa unga, huenda jiwe hilo ni la chokaa au marumaru, ambayo madini yake makuu, kalsaiti, yana ugumu wa 3 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Dondosha siki juu ya unga huo na uangalie mapovu. Kisu kikiteleza na kuacha mstari wa kijivu wa chuma chake chenyewe, una jiwe lenye kwatzi au feldspa nyingi, yaani ugumu wa kati ya 6 na 7, na hapo ndipo itale, basalti na mawe ya mchanga yaliyoshikamana sana yanapoingia.

Jiwe la mchanga linahitaji uangalifu wa pekee. Punje zake ni ngumu, lakini kinachozishika punje hizo kinaweza kuwa dhaifu, hivyo kisu hung'oa punje moja moja bila kulikwaruza jiwe lenyewe. Kwa mkataji, jiwe la namna hii ni laini na wakati huohuo linasaga diski vibaya sana. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua diski ya kununua, kuliko jina la jiwe au rangi yake.

Baada ya hapo, gonga jiwe kwa nyundo ndogo likiwa limelala juu ya vipande viwili vya mbao. Jiwe zima hutoa mlio mkali unaodumu kidogo, na lenye ufa wa ndani hutoa mlio mfu. Ukiwa na shaka, lilowanishe lote na ulitazame linavyokauka: mstari unaobaki na unyevu wakati sehemu nyingine zimekwisha kukauka ni ufa, hata kama jicho halikuuona mwanzoni.

Diski ya almasi inazunguka, inatoa cheche, lakini haizami

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na linastahili maelezo marefu. Ukingo wa diski ya almasi una punje za almasi zilizofumbatwa ndani ya mchanganyiko wa chuma, ambao hapa tutauita kishikizo. Almasi ndizo zinazokata; kishikizo kinatakiwa kulika polepole ili punje zilizochoka zidondoke na mpya zijitokeze. Jiwe gumu lisilosaga sana, kama itale, hukikabili kishikizo kwa upole, kwa hiyo linahitaji diski yenye kishikizo laini. Jiwe linalosaga, kama la mchanga au matofali ya saruji, linakila kishikizo kwa kasi, kwa hiyo linahitaji kishikizo kigumu. Kanuni inakwenda kinyume na vile wengi wanavyotarajia, na ndiyo maana diski iliyoandikwa kuwa ni ya kazi nzito ya saruji hushindwa mbele ya kipande kidogo cha itale.

Ukikata jiwe gumu kwa diski yenye kishikizo kigumu, almasi zinasuguliwa hadi zinakuwa laini, kishikizo hakiliki, na ukingo unang'aa. Zima mashine, chomoa waya, subiri diski ipoe, kisha pitisha ncha ya kidole kwenye ukingo. Ukingo ulio hai unakwaruza kama msasa, na ukiutazama kwa kioo cha kukuzia utaona nyuma ya kila punje mkia mdogo wa kishikizo unaoishikilia. Ukingo uliokufa ni laini kama sarafu iliyotumika miaka mingi, na punje zake haziinuki juu ya chuma.

Diski ya namna hiyo haijaharibika. Ifufue kwa kuikatisha mikato kadhaa mifupi, yenye kina cha milimita 5 hivi, kwenye kitu laini kinachosaga: tofali la mchanga na saruji, kipande cha jiwe la mchanga, au kijiwe maalumu cha kunolea diski. Ikiwa baada ya kufufuliwa inakata kwa dakika chache na kung'aa tena kwenye jiwe lilelile, jawabu limekwisha kupatikana: diski hiyo hailifai jiwe hilo, na kuendelea kuinoa ni kuchelewesha tu ununuzi wa diski yenye kishikizo laini zaidi. Kukandamiza mashine kwa nguvu hakusaidii. Kunaongeza joto, na joto linaweza kulegeza vipande vya ukingo.

Zitofautishe pia cheche. Cheche zinazotoka mfululizo huku diski haizami ni dalili ya ukingo uliong'aa. Cheche zenye mwanga mkali zinazotokea ghafla mahali pamoja tu, pamoja na mabadiliko ya sauti, zina maana kwamba diski imekutana na chuma. Katika mawe ya zamani chuma hicho kinaweza kuwa msumari, kipande cha nondo, au kibanio cha chuma kilichotumika kuunganisha mawe na kujazwa risasi iliyoyeyushwa, yaani ile metali laini yenye sumu. Simama na uchimbe kwa tindo uone ni nini. Diski ya mawe haikukusudiwa kukata chuma, na risasi haifai kugeuzwa vumbi. Ni busara kupitisha sumaku juu ya kila jiwe kabla ya kulikata, kwani kazi hiyo huchukua sekunde chache tu.

Diski inaisha upesi mno

Hapa tatizo limegeuka: kishikizo ni laini mno kwa jiwe linalosaga, na almasi zinadondoka kabla hazijafanya kazi yake. Lakini katika mawe ya zamani mkosaji mara nyingi ni saruji na chokaa ya mchanga iliyobaki ubavuni, wala si jiwe lenyewe. Fundi anaichagulia itale yake diski sahihi, kisha anaipitisha kwenye tabaka la saruji lenye unene wa sentimita mbili na kuila diski hiyo yote. Ondoa mabaki hayo kwa tindo na nyundo kwanza. Chokaa ya zamani hubanduka kwa urahisi; saruji ni ngumu zaidi na wakati mwingine huondoka na ngozi ya jiwe, jambo ambalo ni afadhali ulijue mapema kuliko baada ya kupima na kuchora mstari.

Angalia pia mshale ulioko kwenye diski. Ikifungwa kinyume, mkia unaoishika kila punje unakuwa upande usiofaa, na punje zinang'oka. Ikiwa ukingo umelika upande mmoja tu wa mzunguko, shaka ihamie kwenye mashine: beringi iliyolegea, mhimili uliopinda, au tundu la diski lisilolingana na mhimili. Na ikiwa bamba la chuma lililo chini ya vipande vya ukingo limekuwa jembamba kwa kusagwa na tope, diski hiyo iondolewe kazini hata kama almasi bado zipo, kwa sababu kipande kinaweza kung'oka na kurushwa.

Kingo za mkato zinameguka

Umbo la ukingo wa diski ndilo linaloamua sehemu kubwa ya jambo hili. Diski yenye vipande vilivyotenganishwa na mianya hukata kwa kasi na kupoa vizuri, lakini kila kipande kinapoingia kinagonga, na marumaru au sleti huonyesha kipigo hicho mara moja. Diski yenye ukingo mzima usio na mianya huacha mkato safi, kwa gharama ya kasi, na kwa kawaida hutaka maji. Ile yenye ukingo mzima wenye mawimbi iko katikati. Kwa karakana ya nyumbani inayopokea mawe mchanganyiko, ningependekeza diski mbili nzuri, moja ya ukingo mzima kwa mawe laini yatakayoonekana na moja ya vipande kwa mawe magumu, kabla ya kufikiria kununua mashine ya pili.

Kama diski ni sahihi na bado kingo zinameguka, punguza kina. Mpito wa kwanza uwe wa milimita 2 au 3 tu kwenye mstari wote, bila haraka. Mfereji huo ndio unaolinda ukingo katika mipito inayofuata. Upande wa chini humeguka pale diski inapotokea, kwa hiyo liegemeze jiwe kikamilifu juu ya ubao ambao uko tayari ukatwe pamoja nalo, au ligeuze na kumalizia upande wa pili. Uso wa nje wa jiwe lililokaa juani na kwenye mvua kwa miaka mingi huwa umedhoofika kwa milimita kadhaa, na hapo hakuna diski itakayoacha ukingo mkali. Ama ukubali ukingo wa mviringo kidogo, ama ukate hadi kufikia jiwe lililo hai.

Mkato unapinda au diski inanasa

Mkato unaopinda kwa kawaida hutokana na kutaka kina chote kwa mpito mmoja. Diski nyembamba ikisukumwa inajikunja, na ikishajikunja inafuata njia yake yenyewe. Sababu nyingine ni uchafu kati ya diski na flanji, yaani visahani vinavyoibana kwenye mhimili, ukingo uliolika zaidi ubavu mmoja, au mkono usioongozwa na kitu. Bana kipande cha mbao kilichonyooka kandokando ya mstari, na uiache mashine iende kwa uzito wake.

Kunasa ni hatari zaidi, kwa kuwa mashine hurudi nyuma kwa nguvu kuelekea kwa anayeishika. Hutokea pale vipande viwili vya jiwe vinapofunga mkato kwa uzito wao, yaani jiwe limeegemezwa kwenye ncha zake mbili na katikati pakaachwa wazi. Liegemeze pande zote mbili za mstari, karibu na mstari wenyewe, na uweke kabari nyembamba kwenye mkato unapokuwa mrefu. Usikate mstari wa mviringo kwa diski ya kawaida iliyo bapa, usiizungushe mashine ikiwa ndani ya mkato, na kinga ya diski isiondolewe kwa sababu yoyote ile.

Wapo wanaoiondoa kinga ili kufunga diski kubwa kwenye grainda ndogo. Hesabu inatosha kuonyesha hatari yake. Diski ya milimita 125 ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 72 kwa sekunde, na diski nyingi za kukatia zina kikomo cha mita 80 kwa sekunde. Diski ya milimita 230 kwa mzunguko huohuo ingekwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde. Grainda kubwa huzunguka mara 6,500 hivi kwa dakika kwa sababu hiyohiyo.

Mashine inapata moto, inapungua kasi au haifiki kina

Grainda ya milimita 125 inafikia kina cha takribani milimita 30 hadi 35, na ya milimita 230 hufikia 60 hadi 65. Jiwe la unene wa milimita 50 linaweza kukatwa na mashine ndogo kutoka pande mbili, mradi mistari ipimwe kwa uangalifu, na kwa mtu asiye na mazoea hiyo ni njia salama kuliko kununua mashine kubwa, ambayo ni nzito na inachosha mikono upesi. Mtu mwenye mabamba mengi ya sakafu ya kukata ananufaika zaidi na msumeno wa meza unaotumia maji: mkato unanyooka wenyewe, vumbi linapungua sana, na diski inadumu.

Kabla ya kuihukumu mashine kuwa dhaifu, utazame waya wa kurefushia umeme. Waya mrefu na mwembamba hupunguza volteji, mota ikavuta umeme mwingi na kuchemka, na waya uliobaki umezungushwa kwenye kigurudumu chake huchemka nao. Ufungue wote. Vumbi la jiwe ndani ya mota ni sababu ya pili. Likishaganda linaziba njia ya hewa na kula brashi za kaboni. Mara kwa mara iache mashine izunguke bila kazi kwa nusu dakika ili ijipoze.

Maji na grainda ya kawaida ya umeme havichanganywi. Kama kazi inahitaji maji, tumia mashine iliyotengenezwa kwa maji, iliyounganishwa kupitia kikatiza umeme cha milliampia 30 kinachokata umeme unapovuja.

Jiwe linapasuka kabla mkato haujaisha

Ikiwa jaribio la mlio lilifanyika na jiwe likaonekana zima, kosa liko kwenye kuliegemeza au kwenye umbo la mkato. Mkato wenye kona ya ndani, kama wa herufi L, ndio unaovunja mawe mengi, kwa sababu mkazo wote unakusanyika kwenye kona. Toboa kwanza tundu la milimita 8 au 10 kwenye kona kwa kekee ya almasi, bila kutumia hali ya kugonga, halafu uifikishe mikato yote miwili kwenye tundu hilo. Kwa kuwa diski ni mviringo, mkato wa upande mmoja wa jiwe utakuwa mrefu kuliko wa upande wa pili. Uache upande mrefu uwe wa nyuma, na masalio yaliyo mbele yamaliziwe kwa tindo na tupa.

Jiwe nene kuliko uwezo wa diski lipasuliwe badala ya kukatwa. Toboa mashimo kwenye mstari mmoja, kila baada ya sentimita 10 hadi 15, tia katika kila shimo vipande viwili vya chuma na kabari katikati yake, kisha zigonge kabari zote kwa zamu, pigo jepesi kwa kila moja. Mlio unapanda kadiri mkazo unavyoongezeka. Subiri kidogo kati ya duru moja na nyingine, kwa maana jiwe hupasuka mara nyingi wakati nyundo imetulia. Kwenye mawe yenye matabaka, mstari unaofuata tabaka utafunguka kwa urahisi, na unaolikata tabaka unahitaji mashimo yaliyokaribiana zaidi.

Tindo inadunda au inabutuka

Tindo ya chuma cha kawaida hufaa mawe ya chokaa na ya mchanga. Kwenye itale inabutuka mara moja, na inayohitajika ni yenye ncha ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma. Ukiinoa tindo ya chuma kwenye kinu cha umeme na ncha ikageuka rangi ya bluu, ugumu wake umepotea, kwa hiyo ichovye kwenye maji mara kwa mara unaponoa. Ncha ya kabaidi hainolewi kwenye kinu cha kawaida, bali kwenye jiwe la silikoni kabaidi la kijani au la almasi. Kichwa cha tindo kilichopanuka na kuota ndevu kwa kupigwa kisagwe hadi kiwe safi, kwani ndevu hizo hukatika na kuruka kama risasi za bunduki. Kwa mawe laini sana ya chokaa, msumeno wa mkono wenye meno ya kabaidi unatosha, na hauhitaji umeme.

Vumbi linajaa karakana

Hapa dalili inayoonekana ni ndogo kuliko tatizo lenyewe, kwa kuwa vumbi linalodhuru zaidi halionekani kwa macho. Mawe yenye kwatzi hutoa vumbi la silika, ambalo huleta ugonjwa wa mapafu wa silikosisi usio na tiba ya kuuondoa, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitambua silika ya fuwele inayovutwa kazini kuwa kisababishi cha saratani mwaka 1997. Jiwe la mchanga linaweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 70. Itale kwa kawaida ni karibu theluthi moja. Marumaru safi na mawe safi ya chokaa yana kidogo. Kukata kavu ndani ya chumba kilichofungwa kusifanyike kwa jiwe lolote.

Kinga ya kwanza ni maji, ya pili ni kifyonza vumbi chenye kichujio cha daraja la juu kilichounganishwa na kinga ya diski, na ya tatu ni barakoa ya daraja la FFP3, yaani daraja la juu la kuchuja vumbi, inayokaa vizuri usoni. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili, na ndevu huifanya hata barakoa nzuri ivujishe. Usifagie sakafu ikiwa kavu wala usipulize nguo kwa kompresa. Vumbi lililotulia litarudi hewani. Mawe yenye rangi ya zamani yaondolewe rangi hiyo kwanza kwa njia isiyo na vumbi, kwa sababu huenda ina risasi.

Madoa yanaonekana siku chache baadaye

Tope la kukatia hubeba chembe za chuma kutoka kwenye diski na kutoka kwenye misumari iliyokatwa, na chembe hizo zikiachwa juu ya marumaru au jiwe jeupe la chokaa hugeuka kutu. Lisuuze jiwe kwa maji safi kabla tope halijakauka, pande zote, pamoja na mkato wenyewe. Doa likishatokea usitumie asidi, kwani itayeyusha uso wa jiwe la chokaa; tumia kiondoa kutu kisicho na asidi kilichoandikwa kuwa kinafaa mawe ya aina hiyo, na ukijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Tope lenyewe lisimiminwe kwenye bomba la maji machafu, kwa sababu linatulia na kuganda humo. Liache likae ndooni, mwaga maji yaliyotakata juu, na mashapo yaliyobaki uyafunge kwenye mfuko yakiwa bado na unyevu ili yasirudi kuwa vumbi.